Kuutafuta Mzizi wa Kipindupindu Mtaani: Mwongozo Kamili kutoka Goma

Jumatatu asubuhi muuguzi wa kituo cha afya anakupigia simu. Usiku wamepokea watu watatu wanaoharisha maji meupe kama yale yaliyooshewa mchele: watu wazima wawili na mtoto wa miaka minne. Mmoja ameletwa kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva kwa sababu mikono yake ilishindwa kushika. Huku Goma, mashariki mwa Kongo, simu ya namna hiyo haisubiri chai. Unachukua daftari na kalamu mbili, unatoka.

Nimefuatilia magonjwa ya kuambukiza kwa miaka mingi katika mitaa ya Goma, Majengo, Katoyi, Ndosho mpaka Mugunga, na kila mwaka napokea vijana wapya. Jina la bakteria wanalijua kwa Kilatini, Vibrio cholerae, na kanuni za hesabu wanazijua. Ukiwasimamisha mlangoni kwa mtu hawajui waanze na swali gani. Nawaandikia hao, pamoja na wauguzi wa vituo na wajumbe wa afya wa mtaa tunaowaita reko, ambao mara nyingi huuona mlipuko kabla yetu sote. Mfano wangu ni kipindupindu, au kolera kama tunavyosema nyumbani, kwa sababu tunaishi nacho mwaka hadi mwaka. Surua, mpox au Ebola utazifuata kwa njia hiyohiyo, ila maswali yatabadilika.

Daktari wa wodini anauliza mgonjwa huyu ana nini. Mtu wa epidemiolojia, yaani anayefuatilia jinsi ugonjwa unavyoenea kati ya watu, anauliza kwa nini hawa, kwa nini hapa, kwa nini wiki hii. Majibu ya maswali hayo matatu hupatikana kwa kuhesabu watu kwa uaminifu na kwa kujua kuuliza. Yote nitakayosema hapa yanazunguka mambo hayo mawili.

Kwanza mgonjwa anywe

Usianze uchunguzi huku mtu anakauka mbele yako. Sumu ya bakteria hii huufanya utumbo umwage maji na chumvi za mwili, na mtu aliyekuwa mzima asubuhi anaweza kufa kabla ya jioni. Akipata maji na chumvi mapema, wanaokufa hawafiki hata 1 kwa 100. Pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kumnywesha anayeharisha, ambayo wengine kwetu wanaiita SRO, inachanganywa na lita 1 ya maji safi. Kama pakiti hakuna, weka vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita 1 ya maji safi. Usizidishe chumvi ukidhani unaongeza nguvu. Chumvi nyingi inamdhuru mtoto. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mwenye macho yaliyozama, ngozi inayochelewa kurudi ukiifinya, au asiyeweza tena kunywa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo awekewe serumu ya mshipani, na njiani aendelee kupewa kidogokidogo kama bado anameza.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni mlipuko

Fungua daftari la kituo, rudi nyuma wiki 5 au 6, hesabu walioandikwa kuwa waliharisha maji. Kisha tazama majuma hayohayo ya mwaka jana. Juma letu la kazi linaanza Jumatatu na kuisha Jumapili, na kila juma lina namba yake, kwa hiyo kulinganisha ni rahisi kama daftari limetunzwa.

Hesabu ikipanda, jiulize kama kuna sababu nyingine. Labda kituo kimeanza kutibu bure wiki hii na watu waliokuwa wakibaki nyumbani sasa wanakuja. Labda amekuja muuguzi mpya anayeandika kila kitu, wakati aliyemtangulia alikuwa anaacha. Labda kituo cha jirani kimefungwa. Nimewahi kuona timu nzima ikihangaika siku mbili kwa sababu ya daftari jipya. Lakini kama una watu wazima watatu wa mtaa mmoja waliokaukiwa maji ndani ya usiku mmoja, acha kulinganisha uende.

Hatua ya pili: sampuli

Kipimo cha haraka kinakupa dalili ndani ya dakika chache, ila hakitoshi kutangaza mlipuko. Ni lazima maabara ioteshe bakteria yenyewe au ipate chembe zake za urithi. Chukua choo cha mgonjwa kabla hajameza antibiotiki. Chovya kijiti cha pamba, kiingize kwenye chupa yenye dawa ya kusafirishia inayoitwa Cary-Blair, kivunje mpini, funga, andika jina la siri, tarehe na saa. Halafu hapa wengi wanakosea: wanaweka chupa kwenye barafu kama chanjo. Bakteria wa kipindupindu hawapendi baridi. Sampuli iliyo ndani ya Cary-Blair isafiri katika joto la kawaida la chumba, isikae juani, ifike maabara mapema. Sisi tuna bahati kwamba INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina maabara hapahapa Goma. Zamani tulikuwa tunasubiri majibu kutoka Kinshasa.

Vaa glavu. Profesa Jean-Jacques Muyembe, alipofika Yambuku mwaka 1976 kwenye ugonjwa uliokuja kuitwa Ebola, alichukua damu ya wagonjwa bila glavu kwa sababu hazikuwepo, akanawa kwa sabuni na maji. Alinusurika. Tunamheshimu kwa mengi, lakini hilo usimwige.

Huna haja ya kupima kila mtu. Wagonjwa wachache wa mwanzo kutoka kila mtaa mpya, kisha wachache kila wiki, wanatosha kukuambia kwamba bado unapambana na adui yuleyule. Na kazi ya maji isisubiri karatasi ya maabara.

Hatua ya tatu: kubalianeni nani ni mgonjwa

Kabla ya kuhesabu, watu wote wanaohesabu wawe na fasili moja, iliyoandikwa na kubandikwa ukutani. Kuharisha maji kwetu maana yake ni kupata choo chepesi kisicho na damu mara 3 au zaidi ndani ya saa 24. Mlipuko ukiwa haujathibitishwa, anayeshukiwa ni mtu wa miaka 2 au zaidi anayeharisha maji na kukaukiwa sana, au aliyekufa kwa kuharisha maji. Ukishathibitishwa, mlango unapanuliwa: yeyote anayeharisha maji katika eneo hilo, wa umri wowote, anaandikwa.

Andika tarehe mliyobadilisha fasili. Usipoiandika, mwezi ujao mtu ataona hesabu imeruka siku hiyo na kudhani ugonjwa umelipuka upya, kumbe ni ninyi mliopanua mlango.

Hatua ya nne: orodha, mstari mmoja kwa mtu mmoja

Hapa ndipo roho ya kazi yote ilipo, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Chukua daftari kubwa, lilaze, piga mistari ya kushuka. Namba. Umri. Jinsia. Siku na saa aliyoanza kuharisha, ambayo ni tofauti na siku aliyofika kituoni. Andika zote mbili. Kazi anayofanya. Mtaa, avenyu, na alama ya karibu. Simu ya mtu wa nyumbani. Maji aliyokunywa katika siku 5 kabla ya kuugua. Kama nyumbani kuna mwingine aliyeugua. Kama amechanjwa. Alivyotoka: amepona, amefariki, amehamishwa. Majina yakae kwenye karatasi nyingine iliyofungiwa kabatini, yaunganishwe na orodha kwa namba. Goma ni mji unaosema sana, na familia ikijulikana kuwa ina kolera, watoto wake wanatengwa uwanjani na mama yake hauzi tena sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni.

Safu itakayokutesa ni ya anwani. Mwaka wangu wa kwanza tulipokea orodha ambayo kila mgonjwa alikuwa ameandikwa "Katoyi", basi. Katoyi ni mtaa wa watu wengi mno. Tulizunguka siku tatu tukinyunyiza dawa hapa na pale, bila kujua tunafukuza nini. Siku ya nne mwenzangu alikaa chini, akapiga simu moja baada ya nyingine, akauliza avenyu gani, karibu na kanisa gani, nyuma ya kinu cha nani. Kufikia saa sita mchana wengi wao walikuwa wamejipanga kwenye avenyu mbili zinazofuatana, na walikuwa wanamngoja kijana yuleyule wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, awaletee maji. Siku tatu zilipotea kwa sababu ya safu moja iliyojazwa kivivu, na katika siku hizo watu waliendelea kunywa. Sijasahau.

Kwa hiyo usikubali neno moja la anwani. Huku kwetu nyumba nyingi hazina namba, na baada ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 na ile ya Mei 2021 kuna watu waliojenga upya mahali pengine lakini bado wanataja mtaa wao wa zamani. Waliokimbia vita nao wanataja kijiji walichotoka. Uliza: "Jana usiku ulilala wapi?" Swali hilo halina njia ya kukwepwa.

Hatua ya tano: mchoro wa siku

Kwenye karatasi ya mraba chora mstari wa siku chini, kisha kila mgonjwa mpe kisanduku kimoja juu ya siku aliyoanza kuugua. Visanduku vikipanda ghafla na kushuka ndani ya siku chache, kuna jambo moja lililowapata pamoja: chakula cha kilio, yaani cha msiba, walichokula pamoja, tangi moja, kamio (lori) moja ya maji. Vikipanda polepole na kuendelea wiki hata wiki, chanzo bado kiko wazi, au ugonjwa sasa unatembea ndani ya nyumba, kutoka mkono hadi mkono.

Dalili za kipindupindu hutokea saa chache hadi siku 5 baada ya mtu kumeza bakteria. Basi chukua siku ya wagonjwa wengi wa kwanza, hesabu kurudi nyuma siku 5, na uliza mtaa mzima nini kilitokea katika siku hizo. Mvua kubwa? Robine, yaani mabomba ya maji, zilikauka? Harusi? Kila ugonjwa una muda wake. Ebola huchukua siku 2 hadi 21, ndiyo maana Julai 2019, alipofika Goma mgonjwa wa kwanza kwa basi kutoka Butembo, waliosafiri naye na waliomgusa walifuatiliwa kwa siku 21.

Hatua ya sita: ramani, na wale wasiofuata ramani

Ramani ya simu inasaidia, ila mimi bado nachora kwa mkono. Weka njia, robine, visima vya mvua, vyoo vya umma, masoko, mahali wanaposhukia ziwani kuchota. Kisha weka nukta kwa kila nyumba yenye mgonjwa.

Daktari John Snow alifanya hivyo London mwaka 1854, mtaa wa Soho, wakati watu mia kadhaa walikufa kwa kipindupindu kuzunguka pampu ya Broad Street. Robert Koch alikuwa bado hajawaonyesha wanasayansi bakteria huyo. Hilo lilikuja karibu miaka 30 baadaye. Watu husimulia jinsi nukta zilivyoizunguka pampu. Mimi huwafundisha vijana wangu watazame nukta zilizokaa vibaya. Kulikuwa na kiwanda cha bia karibu kabisa na pampu ile, na wafanyakazi wake hawakufa: walikuwa wakinywa bia na walikuwa na kisima chao. Na kulikuwa na mjane aliyekufa mbali, Hampstead, ambako hapakuwa na ugonjwa. Snow alipouliza, akaambiwa mama huyo alipenda ladha ya maji ya Broad Street, akiletewa kila siku. Hao ndio waliofunga kesi. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa.

Kwa hiyo ukiwa na nyumba moja isiyo na mgonjwa katikati ya nyumba kumi zenye wagonjwa, usiipite. Piga hodi. Waulize wanakunywa nini ambacho jirani zao hawanywi.

Hatua ya saba: hesabu na walio wazima

Wagonjwa 20 ni wengi au wachache? Inategemea wametoka kati ya watu wangapi. Hakuna mahali ambapo somo hili liliandikwa kwa uchungu kama hapa. Julai 1994, kati ya watu 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Rwanda wakaingia Kivu ya Kaskazini ndani ya siku chache. Walikunywa maji ya ziwa. Ardhi ni mwamba wa volkano. Choo hakichimbiki, hata kaburi halichimbiki. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kisha kwa kuhara damu, na malori yalikuwa yakikusanya miili kandokando ya barabara. Miili iliweza kuhesabiwa kuliko walio hai. Ndiyo maana kiwango cha vifo kinatajwa kuwa kati ya 20 na 35 kwa kila watu 10,000 kwa siku: ukigawa kwa 800,000 unapata namba ya chini, ukigawa kwa 500,000 unapata ya juu. Kifo 1 kwa watu 10,000 kwa siku tayari tunakiita dharura. Wazee wetu waliokuwa hapa mwaka ule wakisikia neno kolera wananyamaza kwanza kabla ya kuongea. Waheshimu kwa ukimya huo.

Huna sensa ya karibuni, basi hesabu mwenyewe. Tembea avenyu moja kutoka mwanzo hadi mwisho pamoja na reko na mkuu wa nyumba kumi. Hesabu viwanja, katika kila kiwanja hesabu majiko, kwa sababu kiwanja kimoja kinaweza kuwa na familia tano. Ingia katika nyumba chache zilizochaguliwa kwa mpango, kwa mfano kila nyumba ya saba, uliza wangapi walilala humo jana. Ukipata wastani, zidisha. Sasa unaweza kusema wagonjwa 20 kati ya watu 1,000, na kulinganisha na avenyu ya pili bila kudanganya mtu.

Hatua ya nane: kuuliza

Ingia kwa salamu, kaa unapoonyeshwa, hata kama ni juu ya bidoni (dumu la maji) lililopinduliwa. Mwambie unatoka wapi, unataka nini, na kwamba jina lake halitatajwa. Mzee umwite mzee, mama umwite mama. Usiingie na watu wanne wenye makoti na buti nyeupe ikiwa wawili wanatosha. Watu wanakumbuka wakati wa Ebola, na wakiona koti wanafunga mlango.

Siku moja Ndosho nilikaa na mama ambaye mumewe alikuwa amelazwa. Nikauliza alivyonifundisha mwalimu wangu: "Mama, maji ya kunywa mnachota wapi?" Akajibu bila kusita, "Robine." Akanionyesha bidoni la njano la lita 20 kwenye kona, lenye kifuniko cha kitambaa, na lingine jeusi kwa masufuria: "Lile ndilo la ziwa." Nikaandika robine. Nilikuwa nimeshasimama, nikakumbuka kuuliza, "Na jana, hili la njano lilijazwa saa ngapi?" Akacheka kidogo kwa uchovu. "Robine imekauka tangu Ijumaa, munganga. Chukudu ndiyo ilituletea. Lakini hili ni bidoni la robine."

Hakunidanganya. Mimi niliuliza desturi, yeye akanijibu desturi. Maji aliyokunywa mumewe yalikuwa ya ziwani, ndani ya bidoni lenye jina la robine. Tangu siku ile siulizi "mnachota wapi" peke yake. Nauliza jana, juzi, siku hiyo uliyougua, nani alileta, kwa chombo gani, ulilipa kiasi gani, kwa sababu bei inakumbukwa kuliko chanzo. Halafu naomba nionyeshwe wanavyokunywa. Unaona kikombe kinachozamishwa pamoja na vidole. Unaona mtoto akichota kwenye beseni la kuoshea vyombo. Hayo hakuna atakayekusimulia, kwa kuwa hakuna anayeyaona kama habari.

Uliza na vyakula: mboga iliyooshwa na maji gani, chakula cha kilio kililala usiku mzima, maji ya sasheti, juisi ya njiani. Usikishike chanzo kimoja mapema ukawa unauliza ili watu wakukubalie tu.

Hatua ya tisa: linganisha wagonjwa na wazima

Ukisikia kwamba wagonjwa wengi walikunywa maji ya chukudu, bado hujajua kitu, maana labda mtaa mzima unayanywa. Kwa kila mgonjwa tafuta wazima wawili, yaani watu wasiougua, wa umri unaokaribiana naye, wa avenyu hiyohiyo, uwaulize maswali yaleyale kwa maneno yaleyale, kuhusu siku zilezile.

Tuseme, kwa kujifunza tu, una wagonjwa 40, na 30 kati yao walikunywa maji ya chukudu, 10 hawakunywa. Wazima ni 80: 24 walikunywa, 56 hawakunywa. Zidisha 30 kwa 56, unapata 1,680. Zidisha 10 kwa 24, unapata 240. Gawa ya kwanza kwa ya pili: 7. Uwiano huo ungekuwa 1 kama maji yale hayahusiki. Kufika 7 ni sauti kubwa. Mtu wa takwimu atakusaidia kujua kama bahati inaweza kuieleza, na kwa watu wachache fanya hivyo kabla ya kusema lolote.

Kisha jiulize kama kuna kitu kinachotembea pamoja na chukudu. Familia inayonunua maji ya ziwa huenda pia inatumia choo kimoja na nyumba sita. Gawanya jedwali: wenye choo chao peke yao, na wasio nacho. Ikiwa maji bado yanasema katika makundi yote mawili, unaweza kuamini zaidi.

Na usimfanye kijana wa chukudu kuwa mhalifu. Anabeba maji kwenye barabara ya mawe tangu alfajiri ili watu wapate kunywa. Jina lake lisitoke mdomoni mwako. Tatizo ni maji yasiyotiwa dawa, na yeye ndiye atakayekusaidia kuyatia.

Hatua ya kumi: pima maji, kisha yatibu

Pima klorini iliyobaki katika vituo vitatu: yanapochotwa, yanapofika, na ndani ya kikombe. Tumbukiza kidonge cha DPD kwenye kichupa cha kipimo, tikisa, soma rangi ya waridi. Baada ya dakika 30 mahali pa kuchota tunataka angalau miligramu 0.5 kwa lita. Nyumbani isishuke chini ya 0.2. Kichupa kikibaki cheupe, maji hayo hayana kinga hata kama yanang'aa.

Kipimo cha dawa usikikisie. Tengeneza mchanganyiko wa asilimia 1: gramu 15 za unga wa klorini wa HTH katika lita 1 ya maji. Chukua mabidoni manne ya lita 20 ya maji yaleyale, tia mililita 2, 4, 6 na 8. Subiri nusu saa, pima yote. Chagua dozi ndogo kabisa inayokuachia 0.5 au zaidi kidogo. Maji ya Ziwa Kivu yana alkali nyingi na klorini hufanya kazi ndani yake polepole, kwa hiyo waambie watu wangoje, na afadhali saa nzima. Mvua ikichafua ufuko, rudia kipimo upya. Matope hula klorini, na maji yenye matope yachujwe au yatulizwe kwanza.

Kule Kituku na fukwe nyingine za ziwa vijana wenye sirinji husimama penye njia ya kuchotea, wakitia dozi katika kila bidoni linalopanda. Nenda ukasimame nao alfajiri, maana ndipo foleni ilipo. Kituo kinachofunguliwa saa tatu kimekosa nusu ya mtaa.

Sambamba na hayo: sehemu ya ORS ndani ya mtaa wenyewe ili mtu asife njiani, sabuni na maji penye vyoo vya umma, mazishi ya heshima yenye usalama, wanaoosha mwili wakiwa na glavu na klorini, na chakula cha kilio kisipikwe na mikono hiyohiyo. Chanjo ya kumeza inasaidia sana, lakini dunia ina upungufu. Tangu Oktoba 2022 kampeni za dharura zinatoa dozi 1 badala ya 2. Chanjo inafika baada ya maombi, hesabu na ndege. Dawa ya maji inaweza kuanza leo saa nane.

Warudishie watu majibu

Usiku huohuo tuma taarifa ya ukurasa mmoja kwa zone ya afya, yaani ofisi inayosimamia vituo vya afya vya eneo: wangapi, wapi, tangu lini, unashuku nini, umefanya nini, unaomba nini. Halafu rudi mtaani uwaeleze watu wenyewe, kwa Kiswahili cha kwao, ukiwa na ile ramani ya mkono bila majina. Nimeona mama mmoja akiweka kidole kwenye ramani akasema, "Hapa mmesahau tangi," na kweli tulikuwa tumesahau tangi.

Ukitaka kutumia maelezo hayo kwa utafiti wa chuo au kuchapisha, hiyo ni kazi nyingine: pata kibali cha kamati ya maadili kwanza, na ridhaa ya watu, ambayo mtu anaweza kukunyima na bado akatibiwa sawasawa.

Lini unasimama

Majuma manne mfululizo, kila anayeshukiwa akipimwa na kukutwa hana, unaweza kusema mlipuko umekwisha katika eneo hilo. Usisimamishe sirinji za ufukweni siku hiyo. Nakili orodha mara mbili, moja ibaki kituoni, moja ofisi ya zone. Kwenye ukurasa unaofuata piga tayari mistari ya kushuka, na juu yake andika vichwa: siku aliyoanza, alipolala jana, avenyu, maji aliyokunywa na nani aliyaleta. Liache daftari wazi mezani kwa muuguzi wa zamu ya usiku.